Rabi si padri: kuhusu ile picha yenu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku lililonikaa kooni wiki nzima. Mlichapisha picha ya mtu aliyejitanda shali nyeupe yenye milia, ameinamia gombo kubwa lililokunjuliwa mezani, na chini yake mkaandika: “Padri wa Kiyahudi akiendesha misa ya Jumamosi katika kanisa lao.” Nimeyahesabu. Maneno kumi, na manne kati yake si kweli: padri, misa, Jumamosi, kanisa.

Hilo la kanisa ni rahisi, tulimalize upesi. Ni sinagogi, neno ambalo Biblia ya Kiswahili inalo tangu zamani, na nyinyi wenyewe mlilitumia vizuri ndani ya habari hiyohiyo. Hayo matatu ndiyo yaliyonitoa kwenye kiti.

Kabla hujaniuliza nimeyajulia wapi: nilikuwa mtunza jengo wa sinagogi, ughaibuni, miaka 17. Nilifungua milango alfajiri, nikafagia, nikapanga viti, nikakwangua nta ya mishumaa kwenye vitambaa, nikabadilisha balbu ya ile taa inayoning’inia mbele ya kabati la Torati, taa ambayo haitakiwi kuzimika hata siku moja. (Siri yake ni kwamba mle ndani tuliweka balbu mbili. Moja ikiungua, nyingine inashika zamu mpaka nifike na ngazi.) Mimi si Myahudi, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyeniomba niwe. Lakini ukikaa na funguo za nyumba ya watu miaka 17, unajua nani anafanya nini humo ndani.

Tuanze na Jumamosi. Mtazame tena mtu wa picha yenu, mkono wa kushoto. Ana mikanda myeusi ya ngozi iliyozungushwa kutoka juu ya kiwiko mpaka kwenye vidole, na kijisanduku cheusi juu ya paji la uso. Injili ya Mathayo ya Kiswahili inaviita hirizi, na nadhani mfasiri alikosa neno lingine, maana mle ndani hakuna dawa ya kumkinga mtu na kijicho; kuna aya za Torati zilizoandikwa kwa mkono juu ya ngozi. Vitu hivyo huvaliwa siku za kazi tu. Sabato havivaliwi. Na Torati haisomwi Sabato peke yake, husomwa pia Jumatatu na Alhamisi asubuhi. Kwa hiyo picha yenu ni ya Jumatatu au Alhamisi. Isitoshe, sinagogi inayoshika Sabato sawasawa haimruhusu mtu kuingia na kamera siku hiyo. Nimewahi kumrudisha mpiga picha wa harusi mlangoni, alikuja kupima mwanga. Familia zinazotaka picha za kijana wao akisoma Torati kwa mara ya kwanza huchagua hizo siku mbili za kazi. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Sabato yenyewe huingia Ijumaa jua linapotua. Wenzangu wa kazi waliozoea siku inayoanza saa sita za usiku walihangaika na ratiba hiyo miezi. Mimi nililelewa katika Kiswahili ambacho saa moja ya usiku inaanzia palepale magharibi, na mzee akisema usiku wa Jumamosi ana maana ule wa kuamkia Jumamosi. Siku yangu ya kwanza kazini rabi aliponieleza hayo, nilimwambia kwetu ndivyo tunavyohesabu. Alifurahi kama niliyemletea barua kutoka kwa jamaa yake.

Sasa padri. Lugha yetu ina neno kuhani, lililotufikia kupitia Kiarabu, na ni ndugu wa damu wa neno la Kiebrania, kohen. Kuhani wa Kiyahudi hasomei ukuhani. Huzaliwa nao, kwa ukoo wa Haruni, baba kwa mwana. Kazi yake ilikuwa madhabahuni, kwenye Hekalu la Yerusalemu, na Hekalu hilo lilibomolewa na Warumi mwaka 70. Tangu hapo hakuna madhabahu, hakuna dhabihu. Waliobaki kushika kamba ni walimu, na hao ndio marabi. Injili ya Yohana imekwisha kututafsiria kazi hiyo, pale wanafunzi wawili wanapomwita Yesu: “Rabi, (maana yake, Mwalimu).” Hatuna haja ya kwenda kuazima padri.

Tofauti hiyo niliiona kwa macho makaburini. Sinagogi yetu ilikuwa na mwalimu mzee wa watoto, mtu mwembamba mwenye kofia iliyopauka, ambaye kwa ukoo ni kuhani. Kuhani hatakiwi kukaribia maiti, ila awe wa jamaa yake wa karibu sana. Basi siku tuliyokwenda kumzika rafiki yake wa miaka mingi, mtu aliyecheza naye drafti kila Jumanne katika chumba cha nyuma, mzee alibaki nje ya ua, kando ya barabara, mwavuli mkononi, anasoma zaburi peke yake huku malori yakipita. Ndani ya ua alikuwa rabi, mwana wa fundi viatu, hana ukuhani wowote, ameshika koleo. Aliligeuza mgongo akachota udongo kidogo kwa upande usiochoteka, kwa sababu kazi hiyo haifanywi kwa haraka wala kwa hamu. Kisha akampokeza mwana wa marehemu. Huyo wa nje ndiye angestahili neno mlilomwandikia huyu wa ndani, na hata yeye si padri.

Rabi hatumwi na askofu. Waumini wenyewe humtafuta, humhoji, humwandikia mkataba, na wakichoka naye hawaurefushi. Nimepanga viti kwa mikutano ya aina hiyo, haipendezi. Hana sanduku la kusikilizia maungamo pia. Siku ya Upatanisho wote husimama na kukiri kwa pamoja, kwa wingi, “tumekosa”, dhambi moja kwa kila herufi ya alfabeti, wakijigonga kifuani, na rabi anajigonga kama wengine. Zamani wengi wao walikuwa na kazi za mikono. Talmudi, mkusanyiko wao mkubwa wa sheria na mafundisho ya marabi wa kale, inamtaja Yohanan mshona viatu. Maimonides, rabi mashuhuri wa karne ya 12, alikuwa tabibu, na aliwasema vikali wanaoifanya Torati kuwa kitega uchumi. Baadaye ilipoonekana kwamba kazi hii inameza siku nzima, mshahara wa rabi ulipewa jina la fidia ya muda: analipwa kwa sababu angeweza kuwa mahali pengine akitafuta riziki. Nilimwona wetu akipokea simu ya hospitali saa nane za usiku, tukiwa bado tunakusanya vyombo vya karamu. Akaondoka na kandambili miguuni.

Na misa? Haipo. Misa inamhitaji padri. Sala ya Wayahudi inamhitaji mtu wa kumi. Watu wazima kumi wa Kiyahudi wakikamilika, hata pasiwe na rabi, Torati itasomwa na waliofiwa watasema kadishi, sala yao ya maombolezo. Wakiwa tisa, hata wote wawe marabi, haiwezekani, na wao wenyewe wana msemo kuhusu hilo: marabi tisa hawatoshi, mafundi viatu kumi wanatosha. (Sinagogi yetu iliwahesabu wanawake katika kumi. Nyingine huhesabu wanaume tu.) Asubuhi moja ya mvua walikuwa tisa. Rabi mgonjwa, barabara imefurika, na kuna kijana amefiwa na mama yake, amesimama na kitabu mkononi anangoja. Walipiga simu huku na huku. Mimi nilikuwa chooni na fundi bomba niliyemwita kwa ajili ya sinki lililoziba, nikamweleza kwa nini watu wanachungulia dirishani. Akanyamaza, akauliza wako wangapi. Tisa, nikamwambia. Akatoa mikono kwenye bomba akaiosha kwa sabuni mpaka juu ya kiwiko, akaniuliza kofia ziko wapi. Kijana akasema kadishi yake. Baada ya robo saa hivi fundi alirudi chooni akamaliza kazi. Kwenye mstari wa muda katika ankara aliikata ile robo saa.

Msomaji wenu mmoja wiki iliyofuata aliandika kwamba “mapadri hao” wote ni wanaume. Naye mjibuni. Regina Jonas alipewa cheo cha rabi Ujerumani mwaka 1935, akawahudumia watu wake mpaka ndani ya kambi ya Wanazi ya Theresienstadt, akauawa katika kambi yao nyingine, Auschwitz, mwaka 1944. Karatasi zake zilikaa zimesahauliwa miaka mingi. Marekani Sally Priesand alifuata mwaka 1972.

Kuna mtu mwingine ambaye magazeti hayamtaji kabisa, naye ni hazani, mwimbishaji. Wayahudi humwita pia mjumbe wa jamii, maana anapeleka sala kwa niaba ya wote, pamoja na wale wasiojua kusoma. Wetu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti iliyofanya vioo vya kabati langu la ufagio vitetemeke. Watu hudhani anaimba tu apendavyo. Sala ileile ya asubuhi ina mahadhi yake siku ya kazi, mengine Sabato, mengine sikukuu. Ukimfumba macho mzee wa sinagogi na kumwingiza ukumbini, baada ya mistari miwili atakwambia ni siku gani. Siku ya Upatanisho yeye husimama karibu saa zote, na hajatia tone la maji mdomoni tangu jua la jana yake. Katikati ya siku hiyo ana sala yake mwenyewe ya kuomba astahili kazi aliyopewa, na huianzia nyuma kabisa ya ukumbi, kisha hutembea mbele polepole akiiimba. Nyuma kabisa ndipo nilipokuwa nasimama mimi na funguo. Kwa hiyo kila mwaka, kabla watu mia kadhaa hawajageuka, nilikuwa wa kwanza kusikia: kwanza pumzi, kavu, kama ya mtu aliyepanda ngazi, halafu maneno, kwa Kiebrania, “Mimi hapa, maskini wa matendo, natetemeka na kuogopa.” Alikuwa anatetemeka kweli. Kidole chake cha shahada kilikuwa kinapapasa tamvua la shali. Nilimzoea kila siku akinidai ufunguo wa kabati la nota kwa sauti ya ubosi, na siku hiyo nilikuwa natamani kumshika mkono.

Baada ya shambulio la sinagogi ya Pittsburgh, Marekani, tarehe 27 Oktoba 2018, ambako watu 11 waliuawa wakiwa kwenye sala ya Sabato, kazi yangu ya mlango ilibadilika. Nilipewa kitufe cha hatari nikivae shingoni. Na ilipofika Januari 2022, rabi wa Colleyville, Texas, Charlie Cytron-Walker, alipomfungulia mgeni aliyebisha hodi, akamchemshia chai, kisha mgeni akatoa bastola na kuwashika yeye na waumini wake kwa muda wa saa 10 na zaidi, mpaka rabi alipomrushia kiti wakatoka mbio, rabi wetu alikuja pale mlangoni akaniuliza kama mimi ningemfungulia. Nikamwambia sijui. Akasema na yeye hajui. Tukaangalia viti vyetu. Vile vya mbele vilikuwa vimefungwa sakafuni kwa skrubu.

Sasa nimfikie mwalimu, maana kwa kweli kalamu nimeishika kwa ajili yake.

Gombo lile mnaloliona pichani lina herufi 304,805 kwa hesabu yao, na hazina irabu hata moja. Hazina nukta, hazina alama ya kuonyesha sauti ipande wapi na ishuke wapi. Ninyi watu wa magazeti mtanielewa haraka nikisema hivi: andika K na T. Ni kiti? Ni kitu? Kata, keti, kuta, kete? Sasa msimamishe mtoto wa miaka 13 mbele ya bibi zake wote, asome sura nzima ya namna hiyo kwa sauti, kwa mahadhi yake, bila kugusa ngozi kwa mkono, akifuata mstari kwa kijiti cha fedha ambacho ncha yake ni kimkono chenye kidole kimoja kilichonyooka. Pembeni yake wanasimama wasimamizi wawili wenye kitabu chenye irabu, na akikosea neno likabadilika maana, wanamrudisha. Aliyemfikisha hapo ni mwalimu, kwa mwaka mzima, nusu saa kwa wiki, katika chumba chenye hita mbovu.

Chumba hicho kilipakana na stoo yangu, na ukuta ulikuwa wa mbao. Nilimsikia yule mzee wa makaburini akimfundisha msichana mmoja aliyekuwa na kigugumizi. Wiki za mwanzo hakumsomesha kitu. Alikuwa anagonga meza kwa penseli, taratibu, na msichana anaimba sauti tupu bila maneno, aa-aa-aa, inapanda, inashuka. Nikadhani mzee amezeeka. Kumbe alikuwa anamjengea njia. Alipoanza kumtia maneno mojamoja ndani ya yale mahadhi, kigugumizi kilikosa pa kukanyaga. Siku yake msichana alikwama mara mbili tu, na mara zote mbili mzee, aliyekaa safu ya pili, aligonga goti lake kwa kidole, basi. Mimi mwenyewe kufikia hapo sura yake nilikuwa naijua kwa moyo. Mzee alinikamata siku moja nikiiimba huku napiga deki, akasimama mlangoni mpaka nikamaliza mstari, akasema: “Vizuri, ila mwisho unashusha mapema.”

Mwalimu huyo ndiye bodi ilimpunguzia saa za kazi nusu nzima, mwaka ambao paa lilianza kuvuja na fedha zikawa hazitoshi vyote viwili. Sitaitaja sinagogi, wengi mle ni watu wema. Nilikuwa nimeleta chai mkutanoni, nikasikia rabi akiwasomea Talmudi: watoto hawaachishwi masomo hata kwa ajili ya kujenga Hekalu. Hekalu, akasema, na ninyi mnazungumzia vigae. Akawatajia na Yehoshua ben Gamla, aliyekuwa kuhani mkuu kabla Hekalu halijabomolewa, ambaye Talmudi inasema akumbukwe kwa wema kwa sababu aliagiza kila mji uwe na walimu wa watoto kuanzia miaka 6 au 7. Na hesabu pia ipo: watoto 25 kwa mwalimu mmoja, wakifika 40 aongezewe msaidizi, wakifika 50 wawe walimu wawili. Mzee alikuwa na watoto 31 na hita mbovu.

Walipiga kura, paa likashinda. Hazani akaanza kufundisha Jumatano bila malipo, na mzee akaendelea kuja siku zake zilezile kana kwamba barua ya bodi ilipotea njiani. Paa lilitengenezwa. Nilipostaafu lilikuwa bado linavuja mahali pamoja, juu ya meza ya vitabu vya watoto, na ndoo niliiacha pale.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mkiandika tena, andikeni rabi, andikeni hazani, andikeni sala. Huyo wa kwenye picha yenu huenda hata si rabi. Kusoma gombo anaweza kusoma yeyote aliyejifunza, na kwa jinsi alivyoshika ile karatasi iliyokunjwa mkono wa pili ningesema ni mwalimu. Maana angalieni ukingo wa kulia, mlipokata picha ili itoshe safu mbili. Kimebaki kiganja cha mtoto, mkono wa shati jipya lenye alama ya pasi, na kidole chake kiko juu ya kitabu chenye irabu, kinafuatilia. Siku ile ya kamera ilikuwa yake. Kama mnayo picha nzima, naomba muirudie.

Wenu,
Mtunza jengo mstaafu